Vifuniko Vinane

Jumanne na Alhamisi, saa tisa mchana, mimi hufundisha ngumbaru kusoma na kuhesabu katika ukumbi wa kanisa kule Kimbo. Wanafunzi wangu ni watu wazima: akina mama wanaofulia watu nguo, wanaume kutoka magharibi wanaofanya kazi viwandani, mabawabu, wakulima wawili watatu. Siku ya kwanza huwa nawaambia neno lile lile: "Mficha uchi hazai. Hapa hakuna kuona haya ukikosea." Nalisema kwa sauti kubwa. Mimi ni mtu wa mdomo, nilizaliwa hivyo, na kwa miaka mingi nilidhani mdomo ndio ualimu.

Kulikuwa na bibi mmoja mzee aliyetoka Kalimoni, sote tukimwita shosho, ana robo eka ya nyanya. Mumewe alipokuwa hai ndiye aliyemsomea chupa za dawa ya kunyunyizia. Alipofariki, shosho akabaki kuuliza majirani. Wanawe hawakulitaka shamba. Walitaka kujenga nyumba za kupangisha, kama kila mtu siku hizi. Wakapatana naye: msimu mmoja tu. Nyanya zikifanya vizuri, shamba libaki shamba. Zikiharibika, wanaleta fundi. Alinieleza haya siku ya kujiandikisha, amesimama mlangoni na kikapu chake cha kiondo. "Nataka kusoma chupa tu, mwalimu," akasema. "Hayo mengine baki nayo."

Na alisoma, haki ya Mungu. Baada ya miezi minne alikuwa anasoma "mililita" bila kukwama, na akimaliza anawaangalia wenzake kama amefunga bao.

Siku ya vipimo niliandika ubaoni: dawa mililita arobaini kwa pampu moja ya maji. Ni vifuniko vingapi? Nilikuwa nimetoka nyumbani Ngoingwa na kifuniko cha chupa ya soda nilichokipima jikoni kwa sindano ya dawa ya mtoto. Mililita tano. Arobaini gawanya kwa tano ni nane. Nikaandika VIFUNIKO 8, nikapigia mstari.

Shosho akainua mkono. "Mwalimu, vinane? Si ni vingi? Sisi huweka viwili."

Mtu mwenye akili angeuliza: kifuniko gani, shosho? Mimi sijawahi kubeba pampu mgongoni hata siku moja. Sikujua kwamba mkulima hapimi dawa kwa kifuniko cha soda. Anapima kwa kile kile kilichofunika chupa ya dawa, na hicho ni kikubwa, vya soda vinaingia vinne. Viwili vyake vilikuwa sawasawa kabisa na vinane vyangu. Sikuuliza. Nilicheka.

"Haiya, shosho! Mambo ya kukisia tuliyaacha nyumbani. Hesabu haidanganyi."

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye pia akacheka, akafunika mdomo kwa leso, akaandika nane. Nikapita na kalamu yangu nyekundu nikamwekea tiki.

Wiki mbili baadaye aliingia amechelewa na hakuketi. Alitoa kwenye kiondo tawi la mnyanya, majani yamekauka na kujikunja, akaliweka mezani kwangu. Kisha akatoa chupa ya dawa, akaisimamisha kando ya tawi.

"Zimechomeka zote, mwalimu."

Nikakiona kile kifuniko. Jamani, ungedhani ni kikombe cha mtoto. Hesabu ikajipiga yenyewe kichwani: alikuwa ameweka dawa mara nne. Watu kumi na wanane walikuwa wananiangalia, na mimi, mtu wa mficha uchi hazai, nikasema nini? Nikasema, "Shosho, lakini ulisoma vizuri?"

"Labda nilisoma vibaya," akasema.

Nikageukia darasa. "Ndiyo maana kila siku nawaambia, someni polepole."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Alirudisha chupa kwenye kiondo, akaliacha tawi pale pale mezani, akatoka. Hakurudi tena. Darasani wakampa jina, Vifuniko. Mtu akiharakisha kusoma wanamtania, "Polepole, usiwe Vifuniko." Nami nikawa natabasamu nao.

Nilikaa na jambo hilo miezi mitano. Nilijiambia nyanya hufa kwa mengi, kuna mvua, kuna ukungu. Uongo mtupu. Mwezi uliopita nikachukua boda boda hadi Kalimoni, nimebeba unga na sukari kama mtu anayekwenda kwenye matanga. Nilikuta mitaro ya msingi imechimbwa na mawe yamemwagwa mahali nyanya zilipokuwa. Mwanawe alikuwa akiongea na fundi. Alinisalimia vizuri, akaniita mwalimu, na hiyo heshima ikanichoma. Shosho alikuwa jikoni. Alinipa chai kabla sijasema neno.

"Shosho, kosa lilikuwa langu. Wewe hukusoma vibaya."

"Najua," akasema. "Nilijua asubuhi ile ile nilipoziona. Nilikumbuka kile cha soda kilichokuwa mezani kwako, nikatafuta kingine, nikakipima kwa maji na hiki changu. Viliingia vinne."

"Na mbona hukusema?"

"Mbele ya watu? Mwalimu haaibishwi mbele ya wanafunzi wake." Akaniangalia. "Nilikuwekea chupa mezani useme mwenyewe. Nikangoja."

Nikaweka kikombe chini, nikaanza kuomba msamaha, akanikata. Shamba limekwenda, akasema, hiyo imeisha, na pengine vijana wangejenga tu hata nyanya zingeiva. Lakini juzi alikutana na mwenzake wa darasa sokoni, akaitwa Vifuniko, na mjukuu wake amesimama hapo. Usiku huo mjukuu akamuuliza kama ni kweli hajui kusoma.

"Mimi najua kusoma," shosho akasema. "Waambie hivyo tu. Jumanne uwaambie."

Nikamwahidi. Nikashika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikamwahidi.

Jumanne tatu zimepita. Ya kwanza mvua ilinyesha, watu wakawa wachache, nikasema nitangoja darasa lijae. Ya pili likajaa, nikaona wamezidi. Jana nilijikaza. Nikaandika ubaoni VIFUNIKO 8, nikapigia mstari kama siku ile, nikageuka niseme.

"Haiya!" mama mmoja wa safu ya mbele akapiga makofi. "Mwalimu anatukumbusha yule shosho!"

Wakacheka wote. Nikangoja wamalize kucheka. Wakamaliza, wakafungua madaftari, wakashika kalamu, wakaniangalia kwa heshima zote.

Nikafuta ubao, nikaanza somo la tarehe.