Kitambaa Juu ya Stuli

Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi kwa vitu za watu walishakufa. Sisemi kwa ubaya, ni vile tu ilikuwa. Baba alikuwa dereva wa lori ya simiti, anapeleka mzigo Kitui na Mwingi, na hiyo lori ikirudi Nairobi haikuwa inarudi tupu. Alikuwa anakuja na stuli ya miguu tatu, ama kibuyu ilipasuka zamani ikashonwa na kamba ya ngozi, ama pasi ya makaa bila kifuniko, ama saa ya ukuta ya misheni fulani yenye mishale imelala kwa saa sita na haiamki. Anabeba kwa bega asubuhi majirani wakiwa foleni ya maji, na lazima mtu amuulize, "Mzee, leo umetuletea nini, jeneza?"

Baba hakuwa anacheka. "Hii imekaa duniani kuliko wewe," anasema, anaingia.

Nyumba yetu hapo mtaa wa Jericho ilikuwa rumu mbili. Moja ya wazazi, na hiyo ingine ndiyo ilikuwa kila kitu: kula, kupokea wageni, mimi kusoma na mimi kulala. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na kungoja ni kazi mbaya kama huna mahali pa kukaa. Stuli zilikuwa zimezunguka ukuta. Vibuyu zilikuwa juu ya kabati. Gramafoni yenye haina sindano ilikuwa juu ya meza, kwa hivyo tulikuwa tunakula na sahani kwa mapaja. Na hizo stuli hatukuruhusiwa kuzikalia. Sisi tulikuwa na benchi.

Ukimuuliza Baba ni za nini anasema, "Hizi si za hapa. Ni za nyumbani." Hapo ndiyo unaanza kusikia hiyo nyumba. Nilikuwa naisikia tangu darasa la pili. Ilikuwa na sebule refu kama kanisa, stuli zimepangwa kutoka mlango mpaka dirisha, saa iko juu, taa za kandili kila kona. Shamba lilikuwepo kweli. Nyumba yenyewe ilikuwa kwa kichwa chake. Sisi tulikuwa tunaishi kwa stoo ya nyumba haijazaliwa.

Mama hakuwa anabishana. Alikuwa anafuma vitambaa. Kila mama wa laini yetu, ile safu ya nyumba, alikuwa na vitambaa, za kufumwa na uzi mweupe, za kufunika viti na redio na televisheni, lakini Mama alikuwa nazo nyingi kushinda vitu vyenye angefunika. Anaamka, anatandaza kitambaa juu ya gramafoni. Baba akirudi anaitoa, anaikunja vizuri sana, pembe kwa pembe, anaiweka juu ya kitanda. Kesho Mama anaitandaza tena. Baba alikuwa anasema kitu ya zamani haifunikwi, inataka ionekane. Mama anaenda kuchukua kitambaa. Hiyo vita ilienda miaka bila mtu kuinua sauti, na mimi katikati nikiwa na mswaki mkuukuu, nasugua waya ya shaba kwa stuli moja kubwa mpaka vidole zinanuka.

Hiyo stuli ndiyo Baba alikuwa anapenda zaidi. Kiti yake ilikuwa pana, nyeusi, imebonyea katikati kwa kukaliwa. Waya nyembamba ya shaba ilikuwa imepigwa ndani ya mbao, ikizunguka. Mimi nilikuwa naichukia kwa sababu hiyo waya inashika vumbi.

Sasa Mama alikuwa kwa chama. Wamama wa laini yetu na wachache wa kanisa, kila mwezi wanaenda kwa nyumba ya mmoja, wanakaa, wanakula, wanaomba, na wanamletea mwenyewe vyombo: sahani, vikombe, sufuria. Mama alikuwa amepelekea kila mtu vyombo. Zamu yake ikifika, anaomba arukwe. Anasema mtoto ni mgonjwa, na mtoto ni mimi, na mimi niko hapo nakula. Ukweli ni aibu. Fundi mmoja wa soko ya Gikomba alishamuonyesha sofaseti ya kitambaa nyekundu, na Baba akasema sofa itanunuliwa stuli zikishaenda nyumbani. "Watakaa wapi?" Mama aliniuliza siku moja, akikamua nguo. "Juu ya vibuyu?"

Mwenyekiti wa chama akachoka. Alikuja mpaka mlangoni, hakuingia. "Mama, ukiruka tena tunajua umetoka. Hatukulazimishi." Mama akasema, "Kujeni Jumapili." Kuangalia uso wake nilijua kama Jumapili ikiharibika hatakuwa na uso wa kuwatazama hawa watu tena, na ni watu anakutana nao kila siku kwa bomba.

Mpango ulikuwa viti za majirani. Hivyo ndivyo tulikuwa tunafanya sote, ukiwa na wageni unazunguka laini unakusanya. Lakini Jumamosi mzee mmoja wa laini ya nyuma akafariki, na mtu akifariki viti zote zinaenda matanga. Huwezi kuenda kwa watu wanalia uwaambie nataka kiti ya chai. Hata benchi yetu ilienda. Mimi ndiyo niliibeba.

Kurudi nikapata Mama amesimama katikati ya nyumba, mikono kiunoni, anaangalia zile stuli moja moja. Baba alikuwa safari.

"Leta vitambaa," akasema. "Zote."

Usiku huo nilizifua, nikazitia maji ya uji wa muhogo zikauke zikiwa ngumu, na asubuhi nikazipiga pasi na ile ya umeme ya jirani, kwa sababu kati ya zile pasi tatu za Baba hakuna moja inafanya kazi. Tukafunika kila stuli. Tukafunika gramafoni. Nataka kusema ukweli, ilipendeza. Ilikuwa mara ya kwanza hiyo rumu inakaa kama kwa mtu. Mama alisimama mlangoni akaiangalia kidogo, halafu akaenda kukata mkate.

Wamama walikuja baada ya ibada na leso mabegani, na mwenyekiti na karatasi kubwa ya zawadi imefungwa kamba. Wakakaa. Wakasifu. "Kumbe wewe ndiyo ulikuwa unatuficha hivi," mmoja akasema. Kulikuwa na mama mmoja kijana, mja mzito, miezi ya mwisho, Mkikuyu wa Murang'a, yeye alijirusha tu kwa stuli ya kwanza kwa mlango na kuvua viatu.

Wa mwisho kuingia alikuwa Susu. Ndivyo tulikuwa tunamuita, vile Wakamba wanaita nyanya. Alikuwa anauza sukuma wiki hapo soko ya Jericho na mdomo wake ulikuwa unajulikana kushinda sukuma yake. Mama alikuwa amemwekea ile kubwa. Susu alikuwa na magoti mabaya, kwa hivyo kabla ya kukaa akaweka mkono kwanza, ajishikilie. Mkono ukakaa hapo. Akapapasa. Akainua pembe ya kitambaa.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya baba ya huyu," Mama akasema. "Kaa tu, Susu."

"Sijauliza ni nani ameiweka hapa. Nauliza ni ya nani."

Mama akaniangalia, kama mimi ndiyo najua. "Aliinunua Mwingi," nikasema. "Kwa barabara."

"Kwa mzee?"

"Kwa kijana."

Susu akarudisha kitambaa, akainyoosha na kiganja. "Basi huyo kijana ameuza baba yake, na baba yako amembeba kwa lori juu ya simiti."

Hakuna mtu alicheka. Akasema kwao mzee alikuwa anaenda na kiti yake kila mahali, kwa kesi, kwa pombe, kwa mahari, na akiondoka hapa duniani kiti inabaki. Mwanamke haikalii. "Mimi nimekalia debe, nimekalia gunia, nimekalia kreti za soda hapo soko mpaka nikapata alama. Hii siwezi. Baba yangu angeamka."

Halafu nikaona mikono inaenda chini. Mmoja anainua kitambaa chake, anachungulia, anasimama. Wa pili. Hata wale si Wakamba wakasimama, wengine kwa sababu ya heshima, wengine kwa sababu ya mapepo, vile mmoja wa kanisa alianza kusema "shindwe" polepole kama mtu anahesabu. Mwishowe rumu ikajaa wamama wamesimama, na Mama katikati na sinia ya chai, hana mahali pa kuiweka. Meza ilikuwa na gramafoni.

Nilikuwa nimechoka sana. Nilikuwa nimefua mpaka saa sijui ngapi. Nikasema, "Si ni mbao tu?"

"Nyamaza," Mama akasema.

Ni yule mja mzito peke yake hakuwa amesimama. Alikuwa anatafuna mkate. "Mimi nimekuja na miguu imefura kama maandazi," akasema. "Kama huyo mzee ako na neno na mimi, akuje tuongee."

"Toka hapo," mmoja akamwambia.

"Sitoki."

"Mwache," Susu akasema. "Hiyo stuli haielewi Kikikuyu."

Hapo wakacheka, lakini hawakukaa. Tulitoka nje. Tulitandaza leso na magunia kwa nyasi mbele ya nyumba, na chai ikanywewa hapo, watu wa matanga wakipita wanatuangalia kama sisi ndiyo tumefiwa. Mama alikuwa anazunguka na chupa ya chai akitabasamu na midomo tu. Tulipofika kwa maombi mwenyekiti akakohoa. Kwa chama chao sheria ilikuwa mnakaa ndani ya nyumba ya mwenyewe, hiyo ndiyo maana ya zamu. "Sasa hii tutaita nini?" akasema, mkono juu ya ile zawadi. "Tumefika kwa nyumba, lakini hatujakaa kwa nyumba."

Mama akaweka chupa chini. Niliona anafuta mikono kwa leso na mikono haina kitu.

Sauti ikatoka ndani, kwa mlango. "Mimi si nimekaa? Nimekaa kwa niaba yenu wote. Na mkate imeisha."

Mwenyekiti akaangalia Susu. Susu alikuwa anapuliza chai yake. "Mmoja akikaa, tumekaa," akasema. "Mpe vitu vyake, tuombe, nina sukuma inanyauka."

Mama akapewa. Tulikuwa bado tumeinamisha vichwa wakati Baba alitokea pembeni mwa nyumba, suruali nyeupe kwa vumbi ya simiti, na stuli ingine kwa bega. Alisimama nayo hapo hapo mpaka amina. Aliangalia wamama kwa nyasi. Aliangalia ndani, stuli zake zote zimevaa nyeupe kama maharusi, na mama wa watu juu ya moja, amelala usingizi, kichwa kwa ukuta.

"Hiyo kubwa," Susu akamwambia, bila salamu. "Uliuliza ilikuwa ya nani?"

"Hapana, Mama." Baba hakuwa anaita mtu mama hivi hivi. Akatua ile aliyobeba. "Wangeipasua kuni. Niliikuta karibu na shoka."

Nilidhani Susu atamgombeza. Susu akakunywa kwanza. "Najua," akasema. "Ya baba yetu, ndugu yangu aliipasua. Tukapikia maharagwe. Na mimi nilikula."

Akaomba aongezewe chai.

Jioni Mama akakusanya vitambaa kuloweka, kwa sababu zilikuwa zimekaliwa. Zingine hazikuwa zimekaliwa hata dakika moja lakini akachukua zote, isipokuwa ile ya stuli kubwa. Sahani zilikuwa za maua ya samawati, nzuri, na hakukuwa na mahali pa kuziweka, zikarudi kwa karatasi yake chini ya meza. Baba akaanza ile raundi yake ya kufunua, akakuta imeshafanywa. Akafika kwa ile moja. Alishika pembe ya kitambaa. Nilikuwa kwa godoro langu namwangalia. Akaiachilia, akaenda kunawa.

Yule mama alijifungua msichana wiki hiyo hiyo, bila shida. Akipita na mtoto mgongoni alikuwa anachungulia stuli kwa mlango wetu anauliza, "Mzee ako aje?" na Mama anajibu, "Ako tu." Baba aliendelea kwenda Mwingi. Aliuliza kwa barabara, akarudi akasema yule kijana wa stuli hayuko, walisema alikuja Nairobi, wengine Mombasa. Alikuwa anasema hivyo akivua viatu, polepole, na hakuongea juu ya sebule refu kwa muda.

Sofaseti haikuja. Matokeo yangu yalikuja, hayakuwa mabaya na hayakunipeleka mahali. Kwa hivyo Jumamosi niko hapo bado. Sisugui waya tena, nafua kitambaa ya stuli kubwa. Naitoa asubuhi, naianika, na mpaka ikauke ile stuli inakaa wazi katikati ya nyumba na sisi watatu tunaizunguka, tumebeba vikombe mkononi, tukingoja jua.