Fundi Aziba Ekzosi kwa Kiganja

Fundi wa gereji iliyo nyuma ya shule yetu hahitaji vipimo. Injini ikinguruma, yeye huziba mdomo wa ekzosi kwa kiganja chenye sugu kama kisigino, akafumba macho, akasikiliza moshi unapotafuta upenyo, kisha akatoa hukumu kama nabii. Na kwa kuwa amejaliwa unyenyekevu, kila hukumu huanza kwa kumtukana fundi aliyetangulia. Jana bibi mmoja, mkunga mstaafu, alimletea gari la marehemu mumewe, kuukuu kuliko fundi mwenyewe. Likivuja moshi kwenye ukaguzi wa kesho, linakwenda kukatwa liwe chuma chakavu. Fundi akaingia uvunguni.

"Mama! Hii ni weldingi au matapishi ya paka? Huyo fundi alichomea kwa mkono au kwa mguu?"

"Ni wewe, mwanangu. Mwaka juzi."

Mimi niliyekuwa nikitazama niliinama, nikaona kidole gumba cha fundi kikiupapasa ule mshono taratibu, kama kinachotafuta sahihi yake. "Basi kaa, mama," akasema. "Nalikata bomba lote." Akalikata mpaka kwenye injini, akaanza upya, huku akiendelea kumtukana yule fundi, sasa kwa sauti ya chini.