Mtu Si Komeo

Ipo siku moja, mwanangu Masele, ambayo kila nikiikumbuka mkono wangu hutafuta kitu cha kushika. Utasema mama mkubwa ana hasira za uzee. Hapana. Hasira hizi ni za zamani, hazikuanza Jumamosi nilipokukuta pale Katoro umekaa juu ya mfuniko wa tela la mjomba wako, umeng'ang'ania mpira wa kufungia kama mtu aliyempanda ng'ombe mkorofi. Zilianza siku mjomba wako mwenyewe alipokaa hapo ulipokaa wewe. Najua Shija hajakusimulia. Basi nakusimulia mimi.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la tano. Shija alikuwa bado anachunga mbuzi wa jirani, na mama yako Kabula, Mungu amrehemu, alikuwa mgongoni kwangu. Mkubwa ni jaa, walisema wazee, na kweli kila kitu kikatupwa juu yangu. Niliacha daftari nikashika mwiko. Tulipokua kidogo tukatoka kijijini kwetu Songwa, tukaifuata dhahabu kama wengine, nami nikapata kazi ya kuwapikia watu waliokuwa wakizunguka porini kupima miamba.

Walikuwa na tela dogo la kambi: sanduku la bati juu ya magurudumu mawili, linavutwa na gari. Ndani yake mahema, magodoro na masufuria yangu. Juu, mfuniko mmoja mrefu ulioshikwa na komeo mbili za kubana, zile za kuvuta mkono mpaka ndoano ikaze. Gari lilikuwa halitoshi watu wote, kwa hiyo vibarua walikaa juu ya mfuniko. Na barabara ya Ushirombo siku hizo ilikuwa na mikunjo kama bati la nyumba. Ripiti, ile misumari butu inayoshikiza komeo kwenye bati, zikang'oka moja moja. Komeo ya kwanza ikadondoka njiani, ya pili ikabaki inaning'inia kama jino la mtoto.

Nyapara wetu akafanya tunachofanya sote huku. Alikata mpira wa baiskeli, akafunga. Wewe unatujua: mpira kwetu hufunga mkaa, mbuzi, kitanda, hata jeneza. Lakini mpira hunyooka, na jua likiupiga hulegea. Mfuniko ukawa unaruka na kujipiga njia nzima.

Asubuhi ya safari iliyofuata, tukiwa tumeegesha karibu na karakana moja hapo Katoro, nyapara akamwita Shija, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza ameajiriwa.

"Wewe mwepesi, panda juu ukalie mfuniko usiruke."

Shija akapanda anacheka. Vibarua wakashangilia.

"Komeo mpya hiyo!"

"Hii haishiki kutu, ipakeni grisi tu!"

Na Shija, unajua alisema nini? "Wabeja, bosi." Alishukuru! Mtoto wa mama yangu amefanywa kipande cha chuma, amewekwa mahali pa kutupwa gari likiingia shimoni, naye anatoa asante. Ndivyo tulivyolelewa yatima, mwanangu. Tulifundishwa kushukuru kabla ya kutazama tulichopewa.

Nikamtukana nyapara. Nilimtukana Kisukuma, nikaona hakitoshi, nikahamia Kiswahili. Yeye akacheka. "Binti, kama hutaki, wanaotaka kazi wamejaa stendi."

Ndipo fundi wa ile karakana, Mzee Ngasa, akatoka nje anajifuta mikono.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba, mayu," akaitika, akiniita mama kwa Kisukuma. "Umemtukana vya kutosha?"

"Bado."

"Basi endelea. Ukimaliza, mfuniko utakuwa umefungwa?"

Nilitamani kumtukana na yeye. Akasema taratibu, "Hasira yako ni nzuri, ila umeiweka mdomoni. Ipeleke mkononi."

Nikaenda mahali tela linapoungana na gari. Nikainama, nikachomoa pini, nikaifunga kwenye pindo la kanga. "Tela haliendi," nikasema. "Komeo kwanza."

Nyapara alinijia mbio. Mzee Ngasa akasimama kati yetu na nyundo yake. Bosi mwenyewe wa wapima miamba, aliyekuwa amekaa garini, akachungulia dirishani, akaona tunamchelewesha, akasema tutengeneze upesi.

Mzee akanipa drili, akanionyesha. Kwanza tulinyoosha bawaba, maana mfuniko ulikuwa umepindishwa na makalio ya watu, na komeo ukiifunga juu ya kitu kilichopinda itavunjika tena kesho. Bati lilikuwa jembamba, matundu ya ripiti yamepanuka, kwa hiyo tukaweka vipande vya chuma kwa ndani, tukatoboa upya, tukakaza kwa bolti na nati. Badala ya komeo iliyopotea akafua nyingine kwa bapa la chuma. Ule mpira hakuutupa. Aliukata ukanda, akaulaza kwenye ukingo chini ya mfuniko usigonge wala kupitisha vumbi. "Mpira nao una kazi yake, mayu," akasema. "Si kosa lake kupewa isiyo yake."

Nikarudisha pini. Nyapara akavuta zile komeo, zikakaa kimya. Kisha akasema, "Tela linakwenda. Nyinyi wawili mnabaki."

Shija alinililia pale pale barabarani. "Dada, umenikosesha kazi! Kwani nilikuwa naumia?" Alininunia mpaka mvua za kwanza. Sikumwomba radhi. Hata leo simwombi. Mzee Ngasa aliniita nikamshikie vyuma, na katika karakana ile ndimo nilimowalea wote, mama yako akiwemo.

Sasa elewa kilichonichoma Jumamosi. Shija huyo huyo leo ana tela lake, analikodisha kwa wapima dhahabu. Nilipomuuliza komeo ziko wapi, akajibu, "Zimevunjika, Dada. Ni kwa safari hii tu. Masele mwepesi." Mwepesi! Neno lile lile! Na wewe juu kule, mtoto wa Kabula, unaniamkia huku unacheka. Wanasema aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo. Huyu aliumwa, akakua, akafuga nyoka. Ndiyo maana uliniona nikiinama, nikachomoa pini ya tela lake nikaondoka nayo.

Jana amenijia mlangoni. "Dada, nipe pini, wateja wanasubiri. Unaniaibisha mjini."

"Lisukume tela kwa mikono mpaka karakanani, likitiwa komeo utachukua pini."

Akaondoka amefura. Na afure. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nimeona watu wanaoziba ufa kwa watoto wa wenzao ili wasinunue bolti.

Basi shika hili, mwanangu. Kazi usiikimbie, hata ya jasho, hata ya kutumwa. Ila mtu akikuweka mahali pa chuma, shuka. Akikuambia wengine wamejaa stendi, shuka vile vile, na hao wa stendi waambie wasipande. Shukrani ni njema, lakini kwanza fungua mkono utazame umepewa nini. Ukikasirika, usiimalize hasira kwa maneno. Tafuta pini iko wapi. Na siku utakapokuwa na tela lako, maana utakuwa nalo, usimtazame mtoto wa mtu ukamwona mwepesi.

Vipande vya chuma nimeshakata, viko karakanani. Njoo wewe na mjomba wako, yeye anyooshe bawaba, wewe ushike drili. Mungu akutunzie mgongo wako mzima mpaka uzeeni, akupe riziki utakayoila ukiwa umesimama kwa miguu yako, na mama yako huko aliko asisikie kamwe kwamba mwanawe amefanywa komeo. Pini ninayo, kwenye pindo la kanga.