Namba Zilizosomewa Ukuta

Mvua nyingi zimenyesha na kukatika juu ya uwanda wa Ufipa tangu Sekela, binti wa Kinyakyusa, alipohamia Sumbawanga kutoka Mbeya pamoja na mumewe Lwitiko. Katika miaka hiyo yote, akiwa karani wa ushirika mdogo wa wafugaji pale Mazwi, hajapata kusemezana na baba mkwe wake, mzee Ambilikile, aliyejenga Malangali, mtaa wa mji huohuo. Hawana ugomvi, ndivyo ukoo wao ushikavyo heshima. Mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawazungumzi, na salamu zao hupelekwa na Lwitiko.

Mwaka jana Sekela alijinunulia laini mpya ya simu, ile ya zamani akamzawadia mzee. Alisahau kwamba akaunti ya ofisi ilisajiliwa kwa laini hiyo.

Basi asubuhi moja ofisi ikapata kompyuta mpya. Sekela akaandika nenosiri, sahihi kabisa. Kompyuta, kwa kutomfahamu, ikamtaka athibitishe kwa namba zilizotumwa kwenye simu. Ndani ya akaunti hiyo yalikuwamo maombi ya chanjo ya homa ya mapafu, na mwisho wa kuyatuma ulikuwa adhuhuri. Yakichelewa, ng'ombe wa wanachama wangekosa chanjo msimu mzima. Naye Lwitiko alikuwa mpakani Kasesya, hapatikani.

Kristiana, karani mwenzake, akampigia mzee.

"Shikamoo, baba. Napiga kutoka ofisini kwa Sekela. Naomba unisomee namba zilizoingia sasa hivi."

"Marahaba. Tapeli wa leo una sauti nzuri! Mkwe wangu ameniagiza kupitia mwanangu: namba za namna hiyo nisimpe mtu."

"Mimi si tapeli, baba, naitwa Kristiana!"

"Hata wa juzi alikuwa na jina."

Kristiana akamgeukia mwenzake. "Umemfunza vizuri mno! Haya, sema naye mwenyewe."

"Dada, siwezi," Sekela akanong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Basi ng'ombe wafe kwa heshima."

"Ng'ombe?" mzee akadakia simuni. Kristiana akamweleza yote. "Nakuja," akasema, akakata.

Bodaboda ikamshusha mlangoni. Akasimama nje, chini ya dirisha, ameligeuzia mgongo. Ndani, Sekela akajitanda khanga na kuinamia kompyuta. Namba za kwanza zilikwisha muda, akaomba nyingine. Simu ya mzee ikalia.

"Ewe ukuta," akasema kwa sauti, "sisemi na mtu, nasema nawe. Nne, sifuri, saba, saba, mbili, tisa. Umesikia?"

"Umesikia, baba," akajibu Kristiana, "ila unaomba urudie mbili za mwisho!"

"Mbili, tisa. Ukuta gani huu, mzito wa masikio?"

Akaunti ikafunguka, maombi yakatumwa kabla ya adhuhuri.

"Huo ukuta," mzee akasema akipanda bodaboda, "usajili laini yake wenyewe. Mgongo wangu hauwezi safari hizi."

Sekela akacheka ndani ya khanga, na kabla ya chakula cha mchana akaisajili namba yake mpya.

Ee Mola, mlinzi wa watu na mifugo, mbariki Sekela, mumewe na mzee Ambilikile. Wape afya wao na uzao wao, na uwajalie kusikilizana daima, hata kupitia ukuta. Amina.