Sinia la Watu Watatu

Sinia lilipotua mezani, kijana aliyetaka kumuoa binti yangu alilitazama, akasimama, akasema "Samahani," kisha akatoka nje bila kuonja hata punje ya wali. Nilibaki nimeshika kipande cha ndimu mkononi. Katika hoteli za Kitengela nimeona mengi. Nimeona paka juu ya kaunta akilamba supu, nimeona wapishi wakirushiana mwiko, lakini mtu kukikimbia chakula kizuri namna ile sikuwa nimeona.

Niseme kwanza kwa nini tulikuwa pale. Tangu nihamie Kitengela kutoka Nyeri, mimi na binti yangu mdogo tumejiwekea tabia. Jumapili tukitoka kanisani hatupiki. Tunatafuta hoteli ambayo hatujawahi kuingia, tunakula, halafu njia nzima ya kurudi nyumbani tunaisema. Tumekula samaki wa kukaanga karibu na stendi, matumbo ya mama mmoja anayepikia chini ya turubai, na nyama choma iliyokuwa ngumu kama soli ya kiatu. Binti yangu anasema niko na mdomo mkali. Ni kweli, na nimeshazeeka nao.

Lakini nina sababu nyingine ya kupenda meza za hoteli. Mtu ambaye sijamwona akila, simjui. Aliyemuoa binti yangu mkubwa nilikula naye mara ya kwanza kule Rongai. Alivuta minofu yote upande wake, akatuachia mifupa, akamfokea mhudumu kwa sababu ya chumvi. Niliwaambia watu wa nyumbani kwamba huyo hafai. Wakacheka, wakasema mama anapima watu kwa nyama. Binti yangu alirudi kwangu na mtoto mgongoni na jino moja limevunjika, na hakuna aliyecheka tena.

Kwa hiyo huyu mdogo aliponiambia amepata mtu, kijana wa Kimaasai wa kutoka Ewuaso Kedong anayefanya kazi Magadi, nilimjibu jambo moja tu. Nitamwona akila kwanza. Kabla ya hapo, wazee wake wasije kwangu.

Nilichagua hoteli ya familia moja ya Kisomali ambayo tulikuwa tumeshaisifu. Wana wali wa viungo, mbuzi aliyepikwa mpaka nyama inaachana na mfupa, ndizi mbivu pembeni, na upande wa ndani kuna vyumba vidogo vya mapazia kwa wanaotaka kula bila kutazamwa. Sisi nilitaka tukae ukumbini penye mwanga. Nikaagiza sinia moja la watu watatu, kwa makusudi. Kwenye sahani yake mtu anaweza kujificha, lakini kwenye sinia mkono wake unaonekana unakokwenda.

Alipofika alinisalimu akiwa amesimama mbali, kichwa ameinamisha. Akakaa pembeni kabisa ya kiti. Nikamwuliza juu ya joto la Magadi, akajibu huku akitazama meza. Nikajiambia, huyu anaringa. Hapo ndipo sinia likaja, naye akatoka.

"Ameenda wapi?" nikamwuliza binti yangu.

"Mum, nilimwambia anakuja kukusalimia tu."

"Kwani sisi tunanuka?"

"Si hivyo."

"Basi ni dharau. Mtu ambaye hawezi kula na mimi hataishi na wewe. Mwambie arudi Magadi, na wazee wake wasijisumbue."

Nilisema hivyo mhudumu akiwa amesimama hapo hapo na jagi la maji. Binti yangu alitoka mbio.

Kupitia dirishani niliwaona wamesimama karibu na pale wanapooshea magari. Yeye alikuwa anaongea polepole, binti yangu amejishika kichwa. Nilingoja kumwona kijana akienda zake. Badala yake walirudi wote wawili, ila yeye alisimama mlangoni na hakuingia. Aliongea kutoka hapo, watu wa meza nyingine wakageuka kusikiliza.

"Mama, naomba unisamehe. Kwetu mwanaume hakuli mbele ya mama mkwe, na mama mkwe hakuli mbele yake. Inaitwa enkanyit, ni heshima. Nikiweka mkono kwa sinia moja na wewe, ni kama nimekutusi."

"Alikuwa ameniambia," binti yangu akasema kwa sauti ndogo. "Nikadhani ni mambo ya huko kwao, ati hapa Kitengela haina shida. Na sikujua utaagiza sinia moja."

Kila asubuhi nanunua maziwa kwa mama wa Kimaasai, tunasalimiana kwa Kimaa, tunauliziana watoto, nami nikajiona mwenyeji. Kumbe jambo kubwa hivi lilikuwa linanipita mlangoni.

"Lakini mimi si mama mkwe wako," nikamwambia. "Wazee hawajaja. Mimi sijakubali."

"Najua, mama. Lakini mimi nilishakuhesabu hivyo tangu siku nilimwambia nataka kumuoa. Siwezi kula na wewe leo kama mtu wa kando, halafu nianze heshima wazee wakishakubaliana."

Jibu hilo lilinishtua kuliko vile alivyotoka nje. Nilikuwa nimekuja kuona mkono wake utaelekea wapi kwenye sinia, na yeye alikuwa ameuondoa kwa ajili yangu.

Mhudumu akasogea. "Sasa mama, hii chakula nirudishe jikoni?"

"Hapana. Niletee sahani kubwa."

Alipoileta nilipakua mwenyewe. Niliweka wali, ndizi, na minofu yote mizuri iliyokuwa kwenye sinia lile. Mifupa nikaisukuma upande wangu. Nikamwonyesha kijana chumba cha pazia cha mwisho, akapita kando ya ukuta akiwa ameinamisha kichwa vile vile, akaingia.

"Mpelekee," nikamwambia mhudumu.

Akashangaa. "Kwani hamkuli pamoja?"

"Hatuwezi," nikasema. "Huyo ni mkwe wangu."

Binti yangu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mhudumu alipotoka kule ndani aliacha pazia limefunguka kidogo. Niliinuka, nikageuza uso pembeni, nikalivuta mpaka mwisho, nisije nikamwona hata mkono.