Boksi Langu la Taa Harusini Tandika

Msinicheke sana, maana mie mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha. Jumamosi nilipeleka harusini Tandika kidude nilichokiunda kwa mikono yangu: boksi la mbao lenye swichi za kengele za mlangoni, kila moja na kitaa chake, nikaliunga kwenye kompyuta yenye programu ya muziki. Ukibonyeza ya kijani, wimbo unabadilika. Ya nyekundu inazima.

Mambo yalikwenda sawasawa. Nilibonyeza kwa madaha, watu wakanizunguka, nikaanza kuwaambia kwamba kaseti zimepitwa na wakati. Mwenzangu Sele, mwenye spika, alikaa nyuma yangu.

Adhana ya alasiri ikaanza. Nikabonyeza nyekundu. Kitaa kikawaka, muziki ukaendelea. Nikabonyeza zote.

"We kijana, hiyo adhana huisikii?" akauliza shangazi wa bibi harusi.

Sele akaja mbio, shavu limejaa pilau, akainama chini ya meza na kuzima redio kaseti aliyokuwa ameiunga kwenye spika zake. Muziki ukakatika, ikabaki adhana tu.

"Samahani braza, nilienda kula," akasema. "Kompyuta yako iliganda mapema, ndiyo maana nikawa nabadilisha kaseti kufuatisha taa zako. Sikutaka uaibike mbele za watu."