Sabuni Kwenye Dumu la Petroli

Ndugu zangu, umri wangu ni wa kuitwa babu, lakini Jumamosi iliyopita nilijiaibisha vibaya. Nyuma ya nyumba yangu hapa Kibaha nina boti kuukuu ninayoikarabati. Matangi yake yametobolewa na kutu, kwa hiyo nilipotaka kujaribu injini mbili nilizouziwa na Fundi Hamisi wa Kisarawe, nilichukua dumu la mke wangu liwe tangi la muda. Nilipitisha mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini katika kifuniko, na ili harufu ya petroli isitoke, nikaziba kila upenyo kwa sabuni ya mche. Nilijiona mhandisi.

Injini ya kwanza iliunguruma kidogo, ikazima. Ya pili vilevile. Nikampigia Hamisi aje, nikaita na majirani wawe mashahidi.

“Umeniuzia mizoga!” nilifoka alipofika tu. “Tapeli mkubwa!”

“Mzee wangu, wallahi zilikuwa nzima. Utaniharibia jina bure.”

Tukawasha tena. Injini ilipoanza kukata pumzi, mke wangu alitokea jikoni.

“Baba Rehema! Dumu langu umelifanyaje? Limebonyea kama limepigwa ngumi!”

Akalegeza kifuniko. Hewa ikaingia fyoo, dumu likarudia umbo lake, na injini ikanguruma bila kusita.

“Mzoga umefufuka,” akasema jirani mmoja.

Walicheka wote isipokuwa Hamisi. Alitazama ile sabuni, kisha akanitazama mimi.

“Mzee, sasa hewa ilikuwa iingilie wapi?”

Majirani niliowaita mwenyewe wakanigeukia, wakisubiri jibu langu.